Safari Inayomalizwa na Wajukuu

Mchana wa tarehe 20 Novemba 1835 jua lilipatwa juu ya bonde la Zambezi. Siku hiyo, karibu na Zumbo, pale ambapo leo Msumbiji, Zambia na Zimbabwe hukutana, umati wa watu kutoka kusini ulikuwa ukivuka mto: wapiganaji na ngao zao za ngozi, wanawake, watoto, mateka, mifugo. Aliyewaongoza alikuwa Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Walikuwa wamekwisha kutembea kwa miaka kumi na kitu tangu vita vya Shaka vilipowang'oa kwao, upande wa Zululand, na hakuna aliyejua watakomea wapi.

Safari ile haikuandikwa na yeyote miongoni mwao. Ilisimuliwa. Na katika kusimuliwa, mambo mengi yalipotea au yaliongezwa chumvi, lakini lile la jua kuzimika wakati wa kuvuka mto mkubwa lilibaki. Baadaye wanahistoria walilichukua simulizi hilo, wakalipeleka kwenye hesabu za wanafalaki, nao wakajibiwa kwa siku, mwezi na mwaka. Ndiyo maana vitabu vinavyosema "yapata mwaka fulani" kwa karibu kila tukio la safari ya Wangoni, kama watu hao walivyokuja kuitwa, vikifika Zambezi hutaja tarehe kamili. Anga ndiyo iliyowapa Wangoni kalenda yao.

Kwa nini jambo hili limhusu mtu wa Songea? Kwa sababu wajukuu wa safari ile ndio walioufanya mji huu uwe na jina ulilo nalo. Na kwa sababu nyingine, ambayo sijaona ikitajwa: katika miaka ileile Zwangendaba alipovuka Zambezi, huko Rasi ya Tumaini Jema, kwenye ncha ya bara hilihili, watu wachache walikuwa wakizichunguza nyota, na nyota ambayo mmoja wao alipima umbali wake ni ileile ambayo leo wanaoota safari ya kutoka nje ya mfumo wa jua wanaielekezea kidole.

Wa kwanza alikuwa Mskoti, Thomas Henderson. Mwaka 1832 na 1833, kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Rasi, alipima mara kwa mara mahali ilipo Rijili Kantori, nyota angavu ya kusini. Kanuni aliyoifuata ni rahisi. Nyosha mkono, inua kidole gumba, funga jicho la kushoto kisha la kulia: kidole kinaonekana kuhama mbele ya ukuta. Dunia nayo, ikilizunguka jua, kila miezi sita huwa imehama kiasi cha kilomita milioni 300, na nyota iliyo karibu huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali. Kidogo mno: kwa Rijili Kantori ni kama moja na nusu ya sehemu 3,600 za digrii. Henderson alisita kutangaza hesabu yake hadi 1839, na kwa kusita huko akapitwa na Mjerumani Friedrich Bessel, aliyetangaza umbali wa nyota nyingine mwaka 1838. Hesabu ya Henderson haikulenga sawasawa, ila ilikaribia. Leo tunajua kwamba nuru ya nyota hiyo husafiri miaka minne na miezi kama minne hadi kutufikia, nayo nuru hukata kilomita 300,000 kwa kila sekunde.

Wa pili alikuwa John Herschel, aliyeshuka Rasi Januari 1834 na darubini yake kubwa akakaa hadi 1838, akiorodhesha nyota za anga la kusini. Oktoba 1835 alikuwa akiitazama nyota yenye mkia ya Halley ikielekea kwenye jua. Ilifika karibu kabisa na jua tarehe 16 Novemba, siku nne tu kabla ya giza la Zambezi. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, gazeti moja la New York lilikuwa limechapisha mfululizo wa habari kwamba Herschel, kwa darubini yake ya Rasi, ameona mwezini viumbe kama watu wenye mabawa ya popo. Maelfu waliamini. Herschel mwenyewe hakuwa na habari. Tunaodhani uzushi ulizaliwa na simu za mkononi tumkumbuke mzee huyu.

Rijili Kantori haionekani London, wala Berlin, wala New York. Songea inaonekana vizuri. Mji uko digrii kumi na nusu na ushei kusini ya ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Juni, baridi inapouma na mawingu yamekwisha, simama kati ya saa tatu na saa nne usiku ukiupa kisogo upande wa Njombe na uso upande wa Msumbiji. Utaona nyota mbili angavu zikiwa jirani, na kuume kwake nyota nne za Msalaba wa Kusini. Ile ya mbali zaidi na Msalaba ndiyo yenyewe, ikiwa imepanda kiasi cha digrii 40 juu ya upeo wa macho, yaani karibu nusu ya njia ya kufika utosini. Usisubiri Julai iishe, kwani mashamba na mapori yakianza kuchomwa, moshi hufunika kila kitu kilicho chini angani.

Jicho tupu huona nyota moja. Darubini ndogo ya mwalimu wa sekondari huonyesha mbili, zinazozungukana kwa muda wa miaka kama 80. Tangu siku ya Zambezi zimezungukana mara mbili na zaidi. Ipo na ya tatu, hafifu mno, ambayo Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg. Hiyo inaitwa Proxima, na ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua: miaka ya nuru 4.24. Kwa hiyo umbali wa jirani yetu wa kwanza ulipimwa Afrika, na jirani aliye karibu zaidi aligunduliwa Afrika, ingawa wapimaji hawakuwa Waafrika na darubini hazikuwa zetu.

Wenyeji wa Afrika Mashariki waliziangalia nyota kwa haja nyingine. Mabaharia wa pwani walishika njia kwazo. Wakulima walifuata Kilimia, kile kichala cha nyota ndogo, na wazee husema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwenda huko juu hakukuwa haja ya mtu.

Haja hiyo ilifika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1960, tena kwa mkono wa wageni. Wamarekani walijenga Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vilivyompokea angani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 waliambiwa wakiondoe, wakakiondoa. Kaskazini kidogo, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walisimika jukwaa la kurushia roketi, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kilirushwa hapo chombo kilichopewa jina la Uhuru. Kilikuwa cha kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kupima miale ya eksirei kutoka angani, na vipimo vyake viliwasaidia wataalamu kuamini kwamba kwenye kundinyota la Cygnus lipo shimo jeusi.

Chombo kilichokwenda mbali kuliko vyote kiliondoka Marekani tarehe 5 Septemba 1977. Voyager 1 ilitoka kwenye eneo linalotawaliwa na upepo wa jua Agosti 2012. Pacha wake, Voyager 2, akafuata Novemba 2018 akielekea anga la kusini. Kila kimoja kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu yenye sauti za dunia, zikiwemo salamu kwa lugha 55. Mswahili akiipitia orodha ya lugha hizo ataondoka na kinyongo, kwa sababu Kiswahili hakimo. Kimo Kiganda. Kimo Kinyanja, kinachozungumzwa ng'ambo ya Ziwa Nyasa ukitazama kutoka Mbamba Bay. Upo na wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri, Kongo ya mashariki. Na imo salamu moja iliyoandikwa tu kuwa ni ya Kinguni, yaani jamii ya lugha ambayo Zwangendaba na watu wake waliondoka nayo kwao. Lugha ya mababu wa Wangoni imetoka nje ya eneo la upepo wa jua. Songea kwenyewe lugha hiyo ilikwisha kufa zamani, na nitalirudia hilo.

Voyager 1 inakimbia kilomita 17 kwa sekunde. Kama ingeelekezwa Proxima, ambako haielekei, ingefika baada ya miaka kama 75,000. Hapo ndipo mazungumzo ya safari za nyota huanza kugawanyika kati ya wanaocheka na wanaochukua kalamu.

Waliochukua kalamu hawakuwa wajinga. Kati ya 1973 na 1978 wanachama wa chama cha Waingereza cha safari za anga, wengi wao wakifanya kazi hiyo kwa kujitolea baada ya saa za ofisi, walichora chombo walichokiita Daedalus: tani 54,000, karibu zote mafuta, kikisukumwa na milipuko midogo ya nyuklia hadi asilimia 12 ya kasi ya nuru, kifike nyota ya Barnard kwa miaka 50 hivi. Hakikuwa na nafasi ya mtu. Mafuta yake yangechotwa sayari ya Mshtarii. Sioni haja ya kueleza kwa nini hakikujengwa.

Aprili 2016 tajiri Yuri Milner na mwanafizikia Stephen Hawking walikuja na wazo la kinyume: badala ya chombo kikubwa, kidogo. Kifaa chenye uzito wa gramu chache, kikiwa na tanga jembamba, kisukumwe kwa miale ya leza kutoka ardhini hadi asilimia 20 ya kasi ya nuru, kifike Rijili Kantori kwa miaka kama 20. Milner aliahidi dola milioni 100 za utafiti. Leza hizo zingehitaji nguvu ya gigawati 100 kwa dakika chache za kila msukumo. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, likizalisha umeme wake wote, hutoa megawati 2,115. Yangetakiwa mabwawa zaidi ya 47 ya namna ile. Na kwa vile nyota inayolengwa iko kusini mwa anga, leza zingepaswa kusimikwa kusini mwa dunia. Mradi umepoa tangu hapo. Binafsi naona ulikuwa wa maana kuliko ule wa Waingereza, kwa kuwa ulikubali kwanza kwamba mtu hatakwenda.

Tarehe 24 Agosti mwaka huohuo ikatangazwa kwamba Proxima ina sayari, yenye uzito usiopungua ule wa dunia, inayoizunguka nyota yake kwa siku 11 na kitu, mahali ambapo maji yanaweza kuwa maji, si barafu wala mvuke. Magazeti ya dunia yalijaa. Ya Tanzania yalikuwa na habari nyingine: wiki moja baadaye, tarehe 1 Septemba 2016, jua lingepatwa na kubaki pete ya moto juu ya kusini mwa nchi. Watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka amekuwa akiwafundisha wasomaji wa magazeti kulisoma anga la usiku, alikuwa mstari wa mbele kuwaeleza wananchi kinachokuja na namna ya kutazama bila kuunguza macho. Njia ya kivuli iliteremka kutoka Mbarali kwenda kusini mashariki, ikapita kaskazini ya mji wa Songea, ambao ulibaki nje kidogo na kuona jua lililomegwa, si pete. Lakini kilele cha kupatwa kwenyewe, pale pete ilipodumu dakika tatu na sekunde sita, kilikuwa karibu na mpaka wa mashariki wa Tunduru. Sherehe ilifanywa Rujewa. Kilele kilikuwa porini.

Miaka mitatu baadaye Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki, ukitimiza miaka 100, uliipa kila nchi iliyoshiriki nyota moja na sayari yake iipe majina. Tanzania ilichagua Mpingo kwa nyota na Tanzanite kwa sayari. Mti wa mpingo wanaujua vizuri Namtumbo na Tunduru. Nyota ya Mpingo iko zaidi ya miaka ya nuru 1,000 kutoka hapa, haionekani bila darubini, na mwaka wa sayari yake hauzidi siku tatu.

Anayedhani mtazamaji wa kawaida hana mchango katika mambo haya amsikie Gennadiy Borisov. Tarehe 30 Agosti 2019, akiwa Crimea, kwa darubini aliyoiunda kwa mikono yake, aliona nyota yenye mkia ambayo mwendo wake haukuwa wa mfumo wetu wa jua. Ilikuwa ya pili kujulikana kutufikia kutoka kwenye nyota nyingine, baada ya ile iliyoonekana kutoka Hawaii mwaka 2017. Ya tatu ilionekana kutoka Chile tarehe 1 Julai 2025. Kwa hiyo safari kati ya nyota na nyota zipo. Wasafiri wake ni mawe na barafu, nao hawana haraka.

Turudi kwa Zwangendaba. Baada ya Zambezi walipanda kaskazini, magharibi ya Ziwa Nyasa, hadi Ufipa. Huko, katika nusu ya pili ya miaka ya 1840, mzee akafa, na jeshi likagawanyika kwa ugomvi wa urithi. Kundi moja lilizunguka ziwa kwa upande wa mashariki, likateremka hadi nchi ya Ruvuma na kuwakuta Wangoni wengine, wa Maseko, waliokwisha kufika kwa njia yao. Katika miaka ya 1860 waligombana, Wamaseko wakafukuzwa kurudi kusini, na washindi wakaanzisha falme mbili: Njelu ya kina Gama na Mshope ya kina Tawete. Mmoja wa manduna, yaani wakuu wa jeshi, wa Njelu aliitwa Songea Mbano. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji, baada ya kuwanyonga wengine wengi tarehe 27 Februari akiwemo nkosi (mfalme) wake, Mputa Gama.

Kati ya kushindwa kwao na Shaka na kutulia Ruvuma ilipita miaka zaidi ya 40. Waliofika walikuwa hasa watoto na wajukuu wa walioondoka, na wengi hawakuwa wa damu ile kabisa: walikuwa Wathonga, Wakaranga, Wasenga, Watumbuka, waliotekwa njiani wakiwa wadogo, wakakua Wangoni, wakateka wengine. Ruvuma wakaongezeka Wandendeule na Wamatengo. Wanawake wa nchi walilea watoto kwa lugha za nchi, na Kinguni kikafa taratibu kikiacha majina ya koo na maneno ya utawala, kama nkosi na nduna. Kingoni kinachozungumzwa Songea leo Mzulu hakielewi. Padri Elzear Ebner wa Peramiho, aliyeandika historia ya Wangoni, alikusanya simulizi hizi kwa watu ambao mababu zao walikuwa wameshabadilisha karibu kila kitu isipokuwa jina.

Naona hii ndiyo sura ya kweli ya safari ya nyota, kama itakuja kuwapo. Mwaka 1929 mwanasayansi J. D. Bernal alieleza makazi ya duara yanayoelea angani, ambamo vizazi vingeishi na kufa. Mwaka 2018 mtafiti wa Strasbourg, Frédéric Marin, pamoja na mwenzake walipiga hesabu ya idadi ndogo kabisa ya watu wanaoweza kuondoka na bado uzao wao ufike Proxima bila kuharibiwa na kuoana ndugu kwa ndugu. Safari waliyoiwazia ilikuwa ya miaka 6,300; jibu walilopata ni watu 98. Lakini uzazi wao lazima uongozwe na hesabu: nani azae na nani, lini, watoto wangapi, kizazi baada ya kizazi. Wahandisi hubishana juu ya injini. Swali ambalo mtu wa Songea angeuliza kwanza ni jingine: yule wa kizazi cha mia, asiyewahi kuiona dunia na asiyeulizwa kama anataka kwenda, kwa nini aifuate ratiba ya marehemu? Wangoni walihama kwa vizazi viwili tu, wakiwa na wafalme wakali, na bado waligawanyika mara mzee mmoja alipofumba macho.

Na wao walikuwa na nafuu ambayo wasafiri wale 98 hawatakuwa nayo. Wangoni waliishi kwa sababu njia ilikuwa na watu. Walipopungukiwa na askari walichukua vijana wa vijiji walivyovipita. Walipopungukiwa na chakula walichukua mahindi na ng'ombe wa wenyeji. Walipochoka walioa na kulima. Waliodhulumiwa wanayo simulizi yao, wala si ya fahari. Lakini bila hao wa njiani, jeshi la Zwangendaba lisingefika hata Ufipa. Kati ya hapa na Rijili Kantori kuna kilomita trilioni 40, na katika njia yote hiyo hakuna mtu wa kumwoa, wa kumteka, wala wa kumwomba maji.